Ardhi Uliyoniachia Nipake

Mpendwa Mama Neema,

Binti yetu ameniomba nimalizie ile picha yako ya mwisho, aitundike sebuleni kwake huko Kanada. Ombi dogo, na bado nimelikwepa tangu Ramadhani.

Unakumbuka tulivyoanza? Mwaka ulipokwisha ulikuja nyumbani na kalenda ya wodini ulikofanya uuguzi kwa sababu ya ukurasa mmoja: msitu wa ugenini, majani mekundu na ya dhahabu yakipukutika. Sisi hatukuwahi kuuona msimu huo. Wewe wa Tanga, mimi wa Mombasa, kisha miaka yote hii Doha, ambako mti hubadilika rangi kwa vumbi tu. Ukanunua rangi za maji na brashi mbili. "Kwenda hatutakwenda," ulisema. "Basi tuulete hapa mtaani Mansoura."

Ikawa kazi yetu ya kila Ijumaa baada ya swala. Mwanzoni rangi zilitugomea. Kiyoyozi kilikausha karatasi kabla nyekundu haijakutana na njano, tukapata mabaka badala ya majani. Wewe ndiye uliyegundua dawa: ukakizima. Tukapaka huku tukitiririka jasho, wewe na kanga, mimi na kikoi na fulana, tukiisifu baridi ya kwenye picha. "Jifunike, Baba Neema, huku kuna upepo," ulinitania, na papo hapo tone la jasho langu likatua katikati ya wingu lako.

Karatasi tuliigawana: juu kwako, chini kwangu. Wewe mbingu na miti, mimi ardhi. Majani yako yote yalikuwa mapana kama ya mkungu, maana ndio mti pekee wa kwenu uliowahi kuuona ukiwa mwekundu kabla ya kuyaangusha. Nami vivuli vyangu vyote nilivibana chini ya shina. Neema, mwaka wake wa kwanza kule, alizitazama picha zetu kwenye simu akaangua kicheko.

"Baba, mbona kila mti uko saa sita mchana? Jua la huku msimu huu liko chini, vivuli virefu!"

"Mwambie hilo ni jua letu," ulidakia kutoka jikoni. "Kama la kwake limelala, aliamshe."

Picha ya mwisho uliipaka ukiwa umeegemea mito, homa ikipanda na kushuka. Ulimaliza miti mitatu, ukanisogezea ubao. "Zamu yako." Halafu ukalala, na zamu haikukurudia tena.

Maadamu ile ardhi ilikuwa nyeupe, palikuwa na jambo ambalo mimi na wewe hatujalimaliza. Kila Ijumaa niliitazama nikajiambia kwamba ni zamu yangu, na neno hilo lilinifariji: mwenye zamu ana mwenzake. Nikishamaliza, nitapokezana na nani?

Ijumaa iliyopita nilizima kiyoyozi, nikalowesha karatasi. Kahawia ikashuka, na penye shina la kati rangi yako ya zamani ikalegea kidogo, ikaingia kwenye yangu. Nilidhani nitaumia. Nikajikuta nakuuliza kwa sauti kama nyasi zinatosha. Kwa muda ule sikuwa mgane.

Kisha ikakauka, na kweli ikawa imekwisha. Niliosha brashi zote mbili, nikabandika karatasi nyingine ubaoni, na kwa mara ya kwanza nikaanzia juu, upande wako. Mbingu imejaa madoa. Mti umesimama kama ufagio wa chelewa. Nilimtumia Neema picha zote mbili kwa simu, naye akanipigia kwa video. Ile yetu aliitazama akalia. Alipofika kwenye ya pili akapangusa pua.

"Baba, huu mti una nini?"

"Ni wangu wa kwanza, mama."

"Basi usiuguse tena. Nitumie zote mbili."

Pumzika, mwenzangu. Mti wa pili nimeuanza asubuhi hii, nao umepinda.

Mumeo,
Baba Neema