Siku za Mume Wangu Zimekwisha, Nami Namwambia Bado

Uvira, Alhamisi tarehe 9 Agosti 2001

Mama Pudentienne mpendwa, wewe unayetusikiliza redioni sisi tusio na wa kumwambia, nisaidie, kwa sababu nimefanya jambo ambalo siwezi kulipeleka kwa padri, maana padri anamfahamu mume wangu, wala kwa mama yangu mzazi, maana yeye atanipongeza.

Nina miaka thelathini na minne, nakaa Nyamianda, nina diploma ya pédagogie, yaani ya ualimu, na watoto wanne, na tangu shuleni naandika kila jioni katika daftari tarehe na mambo ya siku, hata mvua, hata watu waliopita na magodoro kichwani wakikimbia vita kutoka upande wa Makobola, kwa hiyo haya ninayokuambia nimeyanakili, sikuyakumbuka tu. Jumapili tarehe 3 Juni, sikukuu ya Pentekoste, mume wangu Bonaventure alitoka misani akaingia kwenye kasiksi, ile pombe ya ndizi, na ilipofika saa kumi chef d'avenue, mkuu wa mtaa wetu, akamwomba apunguze sauti, naye akaibeba baiskeli ya chef akaitupa mtoni, kisha akatupa na kofia ya chef akisema ikaiongoze baiskeli. Wakamfunga. Ijumaa tarehe 8 jaji akasaini karatasi ya siku kumi na tano, tarehe 22 wakaongeza mwezi mmoja, na mwezi huo uliisha tarehe 22 Julai bila karatasi nyingine.

Maana yake naijua vizuri sana, na hapo ndipo shida ilipo. Mwezi wa nne parokia ilitufundisha kwa siku tatu sheria za gereza, nikajaza kurasa kumi na nne: kwamba mtu ambaye hajahukumiwa anashikwa kwa karatasi tu, kwamba karatasi ina mwisho wake, na ukifika bila karatasi mpya mlango ufunguliwe. Kwa kurasa hizo nilimtoa Thaddée, mume wa jirani yangu Noella, nikamtoa na mzee Ndayisenga wa Luberizi aliyesahauliwa miezi mitano kwa sababu ya ng'ombe aliyekula mpunga wa mtu, na sasa wanawake wote tunaopanga mstari langoni na sahani zetu, maana gereza halina chakula na kila mfungwa anakula cha kwake, wananiita Maître, kama wakili. Mume wa Maître yuko ndani siku ya kumi na nane bila karatasi.

Mama, nyumba imetulia. Zamani kila Jumamosi watoto walikwenda kulala kwa Noella kabla baba yao hajafika, mlango umebadilishwa bawaba mara tatu, na mimi nilikuwa naandika daftari langu nimejificha jikoni. Sasa Délice, binti yangu mkubwa, anasoma mezani. Na Bonaventure mwenyewe amekuwa mtu mwingine huko ndani, anaongoza kwaya ya wafungwa, hanywi, ananiandikia vibarua vya kuisifu sombe yangu, ile mboga ya majani ya muhogo, na Jumatano tarehe 25 Julai alinirudishia sahani imeoshwa. Imeoshwa, Mama! Miaka kumi na mmoja ya ndoa. Nilisimama barabarani nikaigeuza chini juu.

Hata mlinzi wa lango amezoea. Kila siku anafunua sahani yangu.

"Mama Délice, leo iko nini?"

"Bugali na ndagala."

"Ndagala tena? Weye unataka bwana wako akonde ao?" Kisha anachota dagaa kwa vidole vitatu. "Minye napima tu kama haina sumu. Ni règlement."

Hiyo règlement, hiyo kanuni yake, haimo katika kurasa zangu, lakini siku hizi sina mdomo wa kumkosoa mtu kuhusu règlement. Kwa sababu Bonaventure huwa anakuja kwenye vyuma vya dirisha na kuniuliza.

"Mama Délice, weye njo unaandikaka kila kitu. Siku zangu hazijafika?"

"Bado, Baba Délice."

"Bado ngapi?"

"Karatasi iko kwa jaji. Kula, kunapoa."

Nimesema "bado" mara tisa. Nimezihesabu. Noella, ambaye bado hunisindikiza langoni, ameanza kuniangalia kwa jicho moja, juzi alisema mbele ya mstari mzima, "Maître, ya kwako inakawia nini? Mganga hajigangi, ee?" na wote wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Kibaya zaidi, Jumatatu tarehe 30 Julai alikuja hakimu kukagua gereza, akasimama langoni akatuuliza sisi wanawake, "Nani hapa ana mtu ambaye siku zake zimepita?" nami nikainama kufunga kamba ya kiatu. Mama, nilikuwa nimevaa kandambili.

Nilijipangia kumwacha mpaka shule zifunguliwe Septemba, wema umkolee kidogo. Lakini Jumanne tarehe 7 Agosti wanajeshi walikuja wakatoa wafungwa sita wawabebee masanduku kwenda milimani kwenye vita, na mpaka leo hakuna aliyerudi. Bonaventure walimwacha kwa sababu alikuwa na malaria, akitetemeka mpaka meno. Nilimshukuru Mungu kwa malaria. Wamesema watarudi wiki ijayo, na malaria inapona.

Sasa nataka atoke, lakini nikienda kudai leo, karatasi zitaonyesha tarehe 22 Julai na atajua kwamba nilijua. Nimepitia kurasa zote kumi na nne: sheria inasema ni kosa kwa mlinzi na kwa ofisi kumshika mtu bila karatasi, neno "mke" halimo. Je, nina kosa? Na kuna njia ya kumtoa bila yeye kuiona tarehe? Majina tafadhali yabadilishe.

Mimi, Maître wa Nyamianda

*

Maître,

Barua yako imenifikia leo hii, na majina nimeyabadilisha yote. Baiskeli na kofia sikupata namna ya kuzibadilisha, kwa hiyo avenue yenu nzima imeshakujua, vumilia.

Nimeicheka barua yako mpaka nilipofika tarehe 7 Agosti. Hapo niliiweka chini nikaenda kunywa maji. Wewe uliandika tarehe hiyo kwa mkono wako, halafu ukaketi siku mbili ukitafuta neno "mke" ndani ya kurasa kumi na nne? Mwanangu, gereza hilo lina walinzi wengi wanaomzuia mumeo kwa uvivu na kwa kusahau. Mmoja tu anamzuia kwa kujua, na huyo ndiye anayempelekea ndagala.

Sitakutukana kwa kuipenda amani. Watoto waliokwenda kulala kwa jirani kila Jumamosi nimewasoma, na bawaba tatu nimezisoma. Ulistahili kutulia hata kabla ya Pentekoste. Lakini ulikuwa na watu wa kuwaendea na hukuwaendea: wazee wa ukoo wake, msimamizi wenu wa ndoa, huyo padri unayemwogopa. Uliliachia gereza kazi ya ukoo. Gereza halijui kufundisha ndoa, linajua kufunga tu, na siku likikosa wa kubebesha masanduku halitakuuliza kama sahani imeoshwa.

Tarehe usiifiche. Tarehe hiyo ndiyo itakayomtoa. Kesho Ijumaa amka mapema, nenda parquet, ofisi ya mwendesha mashtaka, kabla ya saa mbili, usianzie langoni. Andika ombi nakala mbili, taja karatasi ya tarehe 22 Juni na mwisho wake, na nakala moja wakugongee muhuri kwamba wamepokea. Wakikuambia rudi Jumatatu, kaa kwenye benchi. Wewe una daftari, andika nani amekuambia urudi na saa ngapi, na uandike mbele yake. Katika ombi hilo hilo weka kwamba mtu ambaye hajahukumiwa halazimishwi kazi, sembuse kubeba risasi za watu, na utaje wale sita, majina yao utayapata kwa wake zao kwenye mstari wenu. Noella aende nawe. Anachojua tayari kinatosha, mpe na kilichobaki.

Mumeo asikanyage nje bila karatasi ya kutoka, hata mlango ukiwa wazi na mlinzi akicheka naye, maana barrière ya kwanza ya wanajeshi barabarani itamrudisha kama mtoro. Na mkumbushe kwamba kutoka si kusamehewa. Kesi ya baiskeli ipo, akiitwa aende, na kofia ya chef aiombee radhi mwenyewe kwa mdomo wake akiwa hajanywa.

Kabla hajalala nyumbani usiku wa kwanza, kaka yake mkubwa na msimamizi wa ndoa wawe wameketi sebuleni. Useme mambo ya Jumamosi yote, kwa tarehe, unazo. Aahidi mbele yao. Akivunja, watoto hawaendi tena kwa jirani; anayekwenda kulala kwingine ni yeye. Mlangoni pa nyumba yako una haki ya kuweka masharti. Mlangoni pa gereza hukuwa nayo.

Kisha watu wakiondoka mwambie ile "bado" ilikuwa mara tisa. Usitafute siku nzuri, haipo. Atakasirika, atapiga kelele, pengine hatakula chakula chako siku mbili. Mwache akasirike, ilimradi asiuguse mlango. Mtu aliyerudishiwa haki zake anarudishiwa na hiyo ya kukasirika.

Mama Pudentienne