Bakuli la Mchana la Baba Yako

Nyumbani kwa baba yako,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mwanangu,

Salamu kwanza, habari baadaye. Hujambo? Mumeo hajambo? Na mtoto, meno yamekwisha kumsumbua? Sisi tu wazima, ila mimi situlii. Nimeinuka kwenye meza hii mara kadhaa kutazama maharage yasiyohitaji kutazamwa.

Ninaandika kwa sababu simu ya nyumba hii husikilizwa na baba yako.

Uliniomba mimi shangazi yako nije kumpikia kaka yangu, nami nikaja. Unajua alivyoambiwa na daktari: sukari isiposhuka kabla ya kipimo cha Jumatano, ataondolewa kwenye usukani wa lori na kupewa kiti cha kulinda geti. Kwake hilo ni kuzikwa akiwa macho.

Nililikuta jiko halina kazi ila kuchemsha chai. Sasa lina utaratibu. Jumapili huchemsha maharage na dengu, nikayagawa katika vikopo na kuyaweka kwenye friza. Siku za kazi hukaanga kitunguu kwa kijiko kimoja cha mafuta, nikatia nyanya, karoti na kikopo kimoja, kisha mchicha mwishoni ili usipondeke. Baba yako hajamaliza kunyoa ndevu, chakula kimeiva. Siku nyingine ni mayai na mboga, au samaki aliyefunikwa aive kwa maji yake mwenyewe. Nawe fanya hivyo, usiniambie huna nafasi.

Bakuli lake la mchana, analokwenda nalo kazini, lilikuwa likirudi jeupe kila jioni. Nikajisifu.

Juzi akaja mtunza stoo wa kazini kwake, yule mnene wanayemwita Tani. Hata hajaketi vizuri, akaanza kunishukuru.

"Dada, mikono yako ibarikiwe. Tazama, mkanda nimeutoboa tundu jipya."

Nikamwuliza mkanda wake unanihusu nini.

"Kwani mzee hakukwambia? Yeye hunipa bakuli, mimi humpa chipsi na soda. Tunabadilishana kiungwana."

Baba yako alikuwa akitazama dari kana kwamba inavuja.

Tani alipoondoka nilisema niliyoyasema, hayafai kuandikwa. Naye akanijibu kwa sauti ndogo: "Dada, wenzangu wanakula sinia moja, wanataniana. Mimi niko pembeni na kibakuli changu kama mtoto wa chekechea. Hapo ndipo ninapojiona mgonjwa."

Maneno hayo yamenikosesha raha. Nilipima chumvi, nilipima mafuta, wala sikufikiri kwamba kuna mtu anakula peke yake.

Basi kesho nitapeleka sufuria nzima: dengu, mboga na wali wa kiasi, kwa benchi lote la wenzake kazini, Tani naye akiwamo. Nitatia tangawizi na limau. Lakini madereva wale wamezoea mafuta yanayoelea. Je, wakiicheka sufuria mbele ya baba yako, naye akaaibika mara ya pili? Hilo ndilo linaloniinua kitini. Tena dengu ya siku mbili haifuti chipsi za wiki kadhaa. Jumatano nitakwenda naye hospitali, daktari aambiwe ukweli, nami nimwombe muda zaidi. Sina hakika kwamba atakubali.

Barua hii itakapokufikia, majibu utakuwa umekwisha kuyasikia. Yawe mema au mabaya, ukimpigia usimgombeze. Kazi hiyo nimekwisha kuifanya kwa niaba ya ukoo mzima. Wala usimwulize amekula nini, maana kwa hilo anajua kudanganya. Mwulize amekula na nani.

Nisalimie mumeo na mama mkwe wako, na mtoto umbusu kwa ajili yangu. Mwenyezi Mungu aijalie meza yako isipungukiwe chakula wala mtu.

Wako akupendaye, wala hasinzii,
Shangazi