Kifaa Changu cha Mwanga Kinatoa Umeme Hata Gizani

Mpendwa Anti Apolonia, shikamoo. Naomba unisaidie, maana jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama ninayelala naye chumba kimoja: kifaa changu cha kuvuna mwanga hakivuni mwanga, nami nililijua hilo siku moja kabla ya kupewa zawadi.

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha sita mwezi Mei, tunakaa karibu na Kitomanga, na mbele za watu sauti yangu huwa kama ya mbu. Yalianza mtaalamu mmoja alipokuja shuleni kutueleza kwamba kuna plastiki zinazopitisha umeme, kwa sababu katika mnyororo wake kaboni zimeshikana kwa kifungo kimoja, kisha viwili, kisha kimoja, hivyo elektroni hupokezanwa kama ndoo za maji mkono kwa mkono, na wakipachika metali kama platini ndani ya mnyororo huo plastiki hunasa mwanga vizuri zaidi, na huenda siku moja tukaipaka ukutani kama rangi ikatoa umeme. Wenzangu walipiga makofi wakaenda kula. Mimi sikula. Nilikuwa nimeshajiona profesa.

Platini sikuwa nayo, ila mama hubangua korosho, na mafuta ya maganda ukiyachemsha huganda yakawa meusi yanayong'aa kama plastiki, basi nikayachemsha pamoja na kutu ya shaba niliyoitoa kwenye waya kwa siki na chumvi, nikaunguza viganja, nikaua sufuria ya pilau, kisha nikalibana hilo dude likiwa bado lina majimaji ya siki kati ya kipande cha shaba na kipande cha bati. Nikakiweka juani, na mita ya kupimia umeme ikasoma sifuri nukta saba ya volti. Nilicheza peke yangu mpaka kuku wakakimbia.

Siku moja kabla ya maonyesho ya sayansi nilikifunika kwa kanga mbili kisiingie vumbi, nikasahau kuchomoa mita. Nilipochungulia, nukta saba. Nikakitia ndani ya pipa la unga nikafunika. Nukta saba. Anti, shaba na bati vikikutana na siki ni betri, hata mtoto wa kidato cha pili anajua. Nilikuwa nimevumbua betri ya achari.

Kesho yake mgeni kutoka chuoni akaniuliza, "Na ukikiweka kivulini volti inakuwaje, binti?" Mimi ambaye sikuwahi kunyoosha mkono darasani kwa miaka sita, nikajibu kwa sauti safi kabisa, "Inapungua." Neno langu la kwanza hadharani, na ni la uongo.

Waamuzi wakanipa zawadi ya kwanza, kwenda kujifunza katika maabara ya chuo kwa miezi mitatu, nafasi ni moja tu, naondoka Jumatatu ijayo. Wa pili alikuwa Yunusu, mwenzangu wa darasani, aliyetengeneza kikaushio cha mihogo ambacho kinakausha kweli. "Hongera, Bi Volti," akaniambia, "mimi wacha nibaki na makopa yangu," akacheka bila kinyongo, na hapo ndipo ninapoumia. Mama naye anawatangazia majirani, "Maganda msitupe, jamani! Mwanangu anayatia umeme!" Sasa kuna magunia manne mlangoni, tunaingia ndani kwa ubavu. Mwalimu Benedicto wa kemia, aliyeniandikia barua ya kunisifu, ananiita mwanasayansi wetu.

Nikisema, nafasi inakwenda kwa Yunusu na aibu inabaki kwa mama. Nikinyamaza, huko maabara watakifunika mara moja tu, kwisha. Nifanyeje? Tafadhali usitaje jina langu, na wewe unayesoma gazeti hili, ikiwa unaijua nyumba yenye magunia mlangoni, nakuomba upite kimya usimwambie mtu.

Mwenye Viganja Vyeusi, Lindi

ANTI APOLONIA ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Viganja kwanza: nenda zahanati leo, na usipake majivu.

Sasa nikugombeze. Unajicheka kwa kupika betri, na kupika betri si kosa. Wenye makoti meupe huko maabara hukosea kila wiki. Kosa ni "inapungua". Wala usijifiche nyuma ya haya. Mwenye haya hunyamaza, wewe ulisema.

Nimecheka, sikufichi, na nimekupenda pia, kwa sababu hakuna aliyekutuma ukitie kwenye pipa la unga. Uliishuku kazi yako ukaipima tena. Ungemwambia mgeni hivyo hivyo, leo nisingekuwa na barua ya kujibu.

Jina lako nimelificha. Magunia siwezi, kwa hiyo usichelewe. Mama ataona aibu wiki moja, kisha atapata maganda ya kuwashia moto. Lakini nafasi ile ni ya Yunusu tangu siku ya maonyesho, na kila siku unayoongeza unamnyang'anya upya.

Usianze na mama, atakuonea huruma ukalegea. Usimtumie mwalimu ujumbe wa simu. Kesho asubuhi nenda kwa Mwalimu Benedicto kwa miguu yako. Sauti ikigoma, mkabidhi karatasi asome wewe umesimama pale pale: "Kifaa changu kinasoma nukta saba hata gizani. Nilijua, nikadanganya. Nafasi apewe Yunusu." Mwombe awapigie simu chuoni ukiwa unasikia. Atafoka. Usilie kabla hajamaliza, utamkatiza. Na akimaliza, usikimbie: vuta kiti, umuulize ingehitajika nini ili kifaa hicho kione mwanga kweli.