Wageni Waliokuja Kumwomba Ian

Ijumaa, 14 Novemba 2025. Jeddah

Dada Priscah amepiga simu kutoka Edmonton nikiwa nakunja nguo za watoto wa madam. Kocha wa chuo kikuu cha Marekani anakuja kwake Jumapili kwa ajili ya Ian. Wanamtaka kwa ule mpira wao wa kofia ngumu, wa kugongana kama mafahali. Masomo bure, chakula bure, malazi bure! Lakini kocha hataki kumalizana na mama mkubwa tu. Lazima azungumze na mama mzazi, hata kama ni kwa simu.

Mama mzazi ndiye mimi, mfanyakazi wa ndani, na pasi ya nguo mkononi hapa Al-Nuzha. Ian aliondoka Kakamega akiwa darasa la pili, babake alipofariki, Priscah akamchukua. Leo ni Mkanada kamili, na mabega yake hayaenei kwenye skrini ya simu.

Madam ameniruhusu. Nitumie chumba cha kupigia pasi, watoto wakishakula.

Jumapili, 16 Novemba

Nimemwona. Kocha Wesley — jitu la shingo nyekundu, limeketi kwenye kochi la Priscah na mandazi kwenye sahani. Kwao ilikuwa asubuhi. Amekula mandazi yote. Nikasema moyoni, huyu ana adabu.

Amemsifu Ian vizuri. Kazi yake uwanjani, anasema, ni kusimama mbele na kumkinga mrushaji wa mpira asiangushwe. Hafungi bao, hashangiliwi, lakini bila yeye hakuna timu. Nilifurahi mno.

Mwishoni akaniuliza kama niko pamoja nao. Nikajibu inavyopasa, kwa Kiingereza changu: tumewasikia, nendeni salama, sisi tutakaa kama familia kisha tutawaita.

Anayekuja kuomba mtoto hajibiwi siku hiyo hiyo. Ukikubali upesi, ataona mtoto alikuwa mzigo kwako. Nimelala vizuri kuliko siku nyingi.

Jumatatu, 17 Novemba

Balaa! Ian amepiga akifoka. Kocha amemwandikia kwamba anaheshimu uamuzi wa familia na anamtakia kila la heri. Uamuzi gani? Kuna kijana mwingine wa Toronto anayeitaka nafasi hiyo hiyo, na mapema Desemba wanatia sahihi.

"Mum, kwa nini umenikatalia?"

Nikamwambia sijakataa, nimesema tutawaita. Akasema hiyo kwa kocha ni no, na kwamba mimi simjui tena, nimezoea kulea watoto wa wenyewe. Akakata simu.

Hilo la mwisho limenichoma. Nimelia juu ya kanzu za mume wa madam, ikabidi nizipige pasi upya. Priscah naye kaongeza chumvi: eti Mzungu habishi hodi mara mbili. Sasa dada, si ungenishtua mapema? Ulikuwepo!

Jumatano, 19 Novemba

Ian hapokei simu. Kesho tunasafiri na madam kwenda Riyadh kwa mamake. Sina hamu.

Alhamisi, 20 Novemba. Riyadh

Nyumba ya mamake madam, Al-Sulimaniyah. Kumbe tumekuja kwa posa ya mdogo wake wa mwisho! Wanaume majlisi, kwenye sebule yao ya wageni, wanawake ndani, mimi na birika la kahawa. Mama wa kijana akasema maneno yake, matamu kweli. Bibi wa nyumba akamsikiliza hadi mwisho, akasema inshallah, tutaulizana kisha tutawajulisha. Na wageni wakaondoka wakitabasamu!

Nilisimama na birika kama mtu aliyeona jini. Madam akanifuata jikoni kuuliza kama naumwa. Nikamweleza yote, kwa Kiarabu changu cha jikoni. Alicheka hadi akaketi. Halafu akaacha kucheka.

"Na huyo kocha alijua kwamba amekuja kuposa?"

Nikasema hapana.

"Basi mwambie, Turufena. Mtu hawezi kungoja jambo asilolijua. Yalla, mpigie mwanao sasa hivi."

Ian hakupokea. Nikamrekodia sauti, yote, tangu posa ya babake kwangu mpaka kahawa ya leo.

Ijumaa, 21 Novemba

Amejibu! Amecheka kwenye sauti, kile kicheko chake cha utotoni kikiwa ndani ya koo nene. Ameomba radhi kwa lile neno. Amemtafsiria kocha kila kitu, na kocha anauliza kama anaweza kuja tena Jumapili, na aje amebeba nini. Nimesema sukari inatosha. Nilikuwa natania.

Jumapili, 23 Novemba

Ameleta sukari. Mfuko mzima, kauweka mezani mbele ya Priscah kwa mikono miwili, na tai shingoni.

Safari hii nimeuliza mimi. Akivunjika nani atamkalia hospitalini? Asipocheza, masomo yanaendelea? Hakunizungusha. Pale asipojua alisema hajui, atauliza. Moyo wangu ukakubali kabisa.

Likabaki moja. Kwetu, kabla wakubwa hawajatamka, anayeombwa huitwa mbele ya watu. Nikamwita. Akasimama, kichwa kikatoka nje ya skrini, Priscah akarudi nyuma na simu mpaka mlangoni.

"Ian, wageni hawa unawajua? Tuwakubalie?"

Nilidhani atarukaruka. Kijana aliyenifokea Jumatatu, anaangalia viganja vyake! Kocha anangoja, Priscah tabasamu limemkauka.

"Mum, hakuna mtu amewahi kuniuliza," akasema. "Everyone just says congrats. Niulize tena kesho."

Akamtafsiria kocha, kocha akaitikia kwa kichwa. Akasema atabaki Edmonton siku moja zaidi. Priscah ananitumia ujumbe juu ya ujumbe, sijafungua hata mmoja. Madam amepita akauliza habari, nikasema bado. Akasema bado ni jibu zuri, akaenda zake.

Naogopa. Nimeshamwona na jezi yao, nimeshawatangazia Kakamega nzima kichwani mwangu. Nataka aseme ndiyo. Nataka sana, Mungu anajua. Lakini kesho nitamuuliza tu, na sitamwambia ninachotaka mimi.