Kasula Iliyokwama Chini ya Sindano

Katoyi, Goma
Tarehe 28 Oktoba 2025

Mpendwa mudogo wangu Carlos,

Nakusalimu wewe, mke wako Mwavita na watoto. Joto la huko Lubumbashi limepungua? Kifua cha Mwavita kimepona? Huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Dada yetu Christa ndiye macho yanazidi kumwishia, sasa anatambua watu kwa sauti. Mimi ni mzima, ila nina hasira na wewe, kwa hiyo keti usome.

Uliniambia kwa simu nihamishe kompyuta ya atelie yetu ya kushona kwenye sistemu mpya, kwa sababu ile ya zamani haitalindwa tena. Nikaipima na ile programu uliyonielekeza, ikajibu kompyuta inafaa. Nafasi ilipokuwa ndogo ukaniambia, "Yaya, futa ile ya zamani, haina kazi tena." Nikafuta. Mutu wa kompyuta kwetu ni wewe, ningebishana na nani?

Na wakati huo kasula ya Edmond, lile vazi la misa, ilikuwa imefungwa kwenye mashine ya kudarizi inayoongozwa na kompyuta hiyo. Nilidhani ni jambo la kunywa chai na kurudi.

Unajua kwetu kasula ya kwanza ya padri inatoka kwa familia yake. Edmond alikuwa anapadrishwa Jumapili, na Christa, mama yake, alikuwa amemchorea tawi la kahawa la shamba letu la Beni kabla macho hayajafifia. Huo ni mchoro wake wa mwisho. Nilirudi na kikombe mkononi, sindano imesimama katikati ya tawi, na kompyuta inaniandikia kwamba haioni mashine yoyote. Mashine iko mbele yake, waya umechomekwa, taa inawaka, haioni.

Carlos, tulipima kompyuta, mashine hatukuipima. Tulifanya kama watu waliopeleka mahari, wazazi wamekubali, watu wanakunywa, halafu mujomba wa binti anasimama kuuliza mbuzi wake yuko wapi. Programu ya ile mashine inajua sistemu ya zamani tu, na walioitengeneza waliacha kitambo. Kurudi nyuma nako kulihitaji ile uliyosema haina kazi.

Kitambaa nisingeweza kukifungua, maana ukikitoa kwenye fremu hakirudi palepale, na mchoro unapinda. Kikabaki pale, nami nazunguka mjini nikiuliza. Wote waliniambia ninunue mashine mpya, kana kwamba naficha moja chini ya kitanda.

Christa alikuwa anakuja kila asubuhi kukaa karibu na mashine, asikilize mchoro wake ukishonwa. Akaniuliza, "Mbona leo haipigi kelele?" Nikamjibu umeme umekatika. Kesho yake nikarudia hivyo hivyo, na kwa jirani redio inaimba. Niliona aibu.

Aliyetuokoa ni Léopold, yule wa kupiga picha kule Lac Vert, tuliyekuwa tunamcheka kwa kompyuta yake ya kizamani. Haijawahi kuonja intaneti, sistemu yake ni ile ile. Alikuja nayo kwa pikipiki, ameifunga blanketi kama mutoto mchanga. Tukaweka ile CD iliyokuja na mashine, nikashika rozari. Mashine ikaitika, ikaendelea pale ilipoachia, ila ilisogea kidogo, ukabaki mstari mwembamba katikati ya tawi. Niliuona, nikaikunja kasula.

Jumamosi nikampa Christa kasula aishike. Akafuata tawi kwa kidole, jani kwa jani, taratibu. Kwenye ule mstari kidole kikasimama.

"Apa ndipo umeme ulikatika, eh?" akasema.

Nililia, Carlos. Naye akaendelea na jani lililofuata.

Kompyuta yetu yenye sistemu mpya nimempa Léopold aichukue, yake imebaki hapa, na mutu asiiguse, hata wewe ukija Noeli. Mkumbatie Mwavita, wabariki watoto, na umsalimie shemeji Ferdinand. Christa anakutumia baraka, na Padri Edmond anakuombea kwenye misa, amevaa ile ile yenye mstari. Mungu akulinde katika njia zote.

Dada yako anayekupenda, ingawa hasira haijaisha,
Charline Kaswera