Vugo la Chini ya Maji

Jumatatu, 3 Machi 1986

Redio tatu asubuhi, zote ugonjwa mmoja: chumvi. Huku kwetu Malindi bahari huingia kwenye nyaya bila kubisha hodi. Nimezisugua kwa spiriti, nikalehemu, zikaimba. Mwenye moja akauliza fundi yuko wapi. Unamwona, nikamwambia. Akacheka, akadhani mzaha. Miaka yote hii duka ni langu, nimelianza na pasi moja ya kulehemu na kiti cha kuazima, na bado watu wanamtafuta mwanamume nyuma ya pazia.

Muuza samaki ndiye aliyenipa habari. Fatma anaolewa Mambrui tarehe ishirini na mbili. Fatma, mtoto wa dada yangu Mwanasha! Mimi mama yake mdogo, naambiwa na muuza samaki huku ananipimia kilo ya changu. Waalikaji wamepita mlango wangu wakaingia kwa jirani.

Sababu naijua. Kwenye arusi zetu vugo la ndani, nyimbo za kupiga pembe za nyati kwa vijiti, ni la wanawake peke yao, milango imefungwa. Mwanamume haingii. Kwa hiyo mwenye kurekodi ni mimi. Mwaka juzi kaseti moja ikasikika hotelini Watamu, wageni wanakunywa bia na sauti za mama zetu juu ya vichwa vyao. Da Mwanasha ndiye kiongozi wa vugo Mambrui. Akasema nimewauza. Sikuwauza. Niliwapa kaseti wanawake tu. Aliyeitoa nje simjui. Tangu siku hiyo hatusemi.

Nimeudhika. Basi.

Jumanne, 4 Machi

Amekuja Bwana Mutiso, Mkamba, mtu wa meli ya utafiti. Meli imemwacha Watamu na vyombo vyake, itamchukua mwisho wa mwezi. Kazi yake kusikiliza bahari. Hukodi boti ya injini, akatoka nje ya miamba mpaka maji yakawa meusi, akateremsha maikrofoni iliyovishwa mpira kwa waya wa mita mia tatu. Kisha anakaa kimya. Analipwa kukaa kimya. Ningejua mapema kuna kazi hiyo!

Mwezi uliopita nilimuuzia kanda za gurudumu, zile kubwa. Nilimwambia wazi: zimetumika, nimezifuta, ni safi.

Leo ameingia anacheka peke yake. "Mama, hii kitu si ya kawaida." Akaifunga kanda kwenye mashine yake juu ya meza yangu. Kwanza mvumo mtupu, kama mvua ya mbali. Halafu: ngo. Ngo-ngo. Ngo. Kama kijiti juu ya pembe. Kisha kimya kirefu. Kisha tena.

Kutoka huko chini, gizani, penye baridi. Si nyangumi, anasema, nyangumi anao kwenye kanda nyingine. Si injini. Hajui ni nini. Na hilo la kutojua linamfurahisha! Na mimi pia. Nimefurahi kama mtoto aliyepewa sikukuu. Sijui kwa nini. Niliiomba tena mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 8 Machi

Mji mzima unajua. Mutiso ameniruhusu nakala moja ya kaseti, na duka halina pa kusimama. Sokoni wananitania. "Bi Salma, jini anatengeneza mlango!" Mwingine: "Anaongeza chumba, wake wamekuwa wengi." Mzee wa Kigiriama kutoka Kakuyuni, aliyekuja kuuza mihogo, aliweka kikapu chini, akasikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akauliza huko chini wanalima nini.

Watatu waliokuja kusikiliza wamerudi na redio zao mbovu. Jina la duka linatembea. Siku nzuri.

Jumanne, 11 Machi

Siku mbaya.

Mkubwa wake Mutiso, aliye melini, amezungumza naye kwa redio. Aliuliza maswali mawili: kanda umeitoa wapi? Dukani Malindi. Ilikuwa na nini kabla? Nyimbo za arusi, zile za kupiga pembe, mwenye duka aliniambia. Yule bwana akacheka. Basi ulichonacho ni mabaki ya arusi, akasema.

Mutiso ameingia, miwani mkononi, hacheki. "Mama, ulifuta hiyo kanda kweli ama?"

Nikamwambia atoke dukani mwangu. Akatoka. Nikamwita arudi. Tukaifunga kanda, tukaiacha iende hata baada ya rekodi yake kwisha, mpaka mkiani kabisa.

Pembe. Na sauti za watu, nzito na za kukokota, maana mashine yake inakwenda nusu ya mwendo wa yangu. Nikaihamishia kwenye yangu. Zikawa wanawake. Wakawa watu wa Mambrui.

Mkia sikuufuta. Niliharakisha. Nimekaa chini kwenye sakafu ya duka na buibui langu.

Neno "kanda chafu" likitoka Watamu likafika hapa, nani ataniletea chake? Na hilo ni dogo. Kubwa ni Da Mwanasha. Sauti za wanawake mkononi mwa mwanamume mgeni, kwa mara ya pili. Na safari hii ni mimi kweli.

Jumatano, 12 Machi

Nimefunga duka nikapiga hesabu. Hesabu haina kununa.

Mashine ya Mutiso, aliyoniachia jana, inaporekodi huwa inafuta kilichokuwa chini. Kwa hiyo vugo lisingebaki. Nikaijaribu: nikaweka wimbo, nikarekodi kimya juu yake, nikasikiliza. Wimbo bado upo, hafifu, kama wa nyumba ya tatu. Kifutio chake kimechoka. Kwa hiyo lingeweza kubaki.

Sawa. Kama ngo-ngo ile ni vugo langu, basi imepungua nusu ya mwendo. Nikiizidisha mara mbili, litarudi vugo. Nikaizidisha.

Ikafanana! Si sawasawa, lakini inafanana. Nikaisikiliza tena na tena mpaka sikio likawa halina msaada. Mimi nina sikio la waya, sina sikio la pembe. Mwenye sikio hilo ni mmoja, naye hataki kuniona.

Mutiso alisema tuiache tu, aandike kwamba kanda imeharibika. Kwa upole alisema. Upole wake umeniuma kuliko kicheko cha mkubwa wake. Nitakwenda Mambrui.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda.

Da Mwanasha alikuwa uani na wanawake wa jirani, wanachambua mchele wa arusi. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba," akauambia mchele.

Nikasema yote nimesimama, mbele yao, kabla sijaogopa. Kanda imetoka. Mkia sikuufuta. Kosa langu. Na nataka sikio lako.

"Umekuja kuomba radhi au kutengeneza redio?"

Yote mawili, nikasema. Mmoja akaguna. Da Mwanasha akajifuta mikono.

Nikaiweka mashine chini, nikaanza na mkia wa kanda. Hakungoja. "Arusi ya Bi Khadija hii. Na huyo anayechelewa kila mara ni wewe, pembe mkono mmoja, mashine mkono wa pili." Wanawake wakacheka mpaka sinia likamwagika. Nami nikacheka, nikaona haya, nikacheka tena. Miaka miwili sijamsikia akinitania.

Kisha ile ya bahari, kwa mwendo uliozidishwa. Akawanyamazisha wote. Akataka tena. Kisha kwa mwendo wake wa asili, polepole. Akafumba macho.

"Huyu si sisi," akasema. "Sisi pembe ikinyamaza, kuna mtu anaimba. Hata kwenye huo mkia wako wimbo umo. Hapa nani anaimba?"

Hakuna, nikasema.

"Basi ameita, anangoja aitikiwe. Tena anangoja sana, maskini."

Akaingia ndani akatoka na pembe yake. Kimya kilipofika akakijaza kwa kuipiga: vijiti vitatu vya haraka na kimoja cha kufunga. Vilikaa kama kifuniko juu ya chungu chake. Vigelegele! Jirani wa pili akapanda ukutani kuuliza posa ya nani.

Nikamwambia neno lake kwangu latosha, ila kwa watu wa meli halitoshi. Akanitazama kama ninavyotazama redio yenye mende ndani. "Kamsikilizeni tena, kwa kanda mpya. Na mimi naja. Huyo mwanamume simjui, na wewe na mashine yako siwaachi peke yenu tena."

Sijui kama nimesamehewa. Amenifungia mahamri ya njiani.

Jumapili, 16 Machi

Nimechoka, nimeungua jua, nina furaha. Niandike kabla sijalala.

Kanda mpya kutoka Mombasa, Mutiso kaifungua karatasi yake mbele yetu sote. Kifutio nimekibadilisha mwenyewe. Hakuna arusi humo. Hakuna kitu humo.

Tulitoka asubuhi maji yametulia. Da Mwanasha alikaa katikati ya boti na pembe ndani ya kikapu, ameshika ubao kwa mikono miwili. Alitapika mara mbili, na mara zote mbili aliilaumu serikali. Nje ya miamba Mutiso akazima injini, akateremsha waya, akanipa hedifoni.

Mvumo. Vitu vidogo vinatatarika kama mafuta ya kukaangia. Na mvumo tena. Jua likapanda. Nikaanza kutunga maneno ya kufungia duka. Da Mwanasha akasema hajatapika bure, kila mtu atulie.

Ngo. Ngo-ngo. Ngo.

Nilimshika Mutiso mkono, astaghafiru, mwanamume wa watu. Yeye aliruka, nusura tuzame. Hedifoni zikazunguka, mpaka kwa nahodha. Da Mwanasha alizivaa juu ya buibui, akazikandamiza masikioni kwa mikono miwili. Kisha akazivua polepole. "Hajambo," akasema, kama aliyetoka kumjulia hali mgonjwa.

Akachukua pembe yake, akainama, akaiegemeza kwenye ubavu wa boti, akajibu. Vijiti vitatu na kimoja.

"Mama, unaharibu rekodi!"

"Nyamaza baba, wakubwa wanaongea."

Mutiso akarudi kwenye mashine yake. Nikazivaa tena hedifoni. Halafu ikaja tena kutoka chini, ngo, ngo-ngo, ngo. Ilikuwa mapema kuliko kawaida au wakati wake ule ule? Saa ninayo mkononi. Sikuitazama. Mimi, ninayepima hata chumvi ya mboga, sikutaka kujua.

Jumatano, 19 Machi

Mutiso ameipigisha kanda mpya redioni, mkubwa wake akasikiliza kutoka melini. Safari hii hakucheka. Aliuliza ni nini. Mutiso akasema haijulikani. Yule bwana akasema andika hivyo, na andika kwamba kanda ilikuwa mpya. Mutiso akaongeza mwenyewe kwamba ya kwanza ilikuwa chafu mkiani tu. Nilimtaka asilitaje kabisa. Akasema kweli ni kweli, mama. Namchukia kidogo na namheshimu sana. Mkia wa Bi Khadija nimeufuta mbele yake, kutoka huku na kutoka kule.

Jioni Fatma mwenyewe amesimama mlangoni, bi arusi mtarajiwa, na miguu yake ya vumbi.

"Mama mdogo, shikamoo. Mama anasema uje. Na uje na mashine."

Nikamwambia apishe, moshi wa kulehemu unaniingia machoni. Pasi ilikuwa baridi. Aliiona.

Jumamosi, 22 Machi

Arusi.

Nimevaa leso mpya. Mashine kubwa nimeipanga pembeni tangu mchana, betri zimejaa, kanda mpya imefungwa. Alasiri milango ikakomewa. Chumba kimejaa wanawake, asumini, jasho, watoto mapajani. Da Mwanasha akasimama mbele, pembe juu. Tulidhani ataanza kwa ile ya siku zote.

Akaanza na ile ya bahari. Polepole, kwa mwendo wake. Ngo. Ngo-ngo. Ngo. Na kimya. Kimya chote kile, kirefu kama kilivyo, wanawake wote hao hakuna aliyepumua. Nyanya mmoja akamfumba mjukuu mdomo. Kisha Mambrui nzima ikaitikia, tatu na moja, dari ikatikisika, Fatma akacheka chini ya ukaya uliomfunika uso. Tena! wakasema. Tena!

Kwenye kimya cha pili dada yangu alinitazama. Akaitazama mashine. Amri alikwisha kuitoa: njoo na mashine. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.

Nikakiondoa, nikaifunika mashine kwa buibui langu. Nikatwaa pembe, mkono wa kushoto pembe, wa kulia kijiti, na nikaitikia pamoja nao.

Sikuchelewa.

Jumapili, 23 Machi

Duka wazi, mji umelala. Mtu mmoja tu amepita, anataka kaseti ya jana, amesikia kuna vugo jipya. Nimemwambia hakuna. Hakuamini. Nikasema dada yako akiolewa tutampigia.

Kiganja kimechubuka. Kushika pasi kunauma.

Nimeitoa ile kanda ya jana kwenye mashine ili niiweke kabatini. Halafu nikaifunga tena, nikakaa, nikaisikiliza kutoka kichwa mpaka mkiani. Mvumo mtupu, kama mvua ya mbali.

Safi kabisa.