Mafuta ya Mwembamba

Jumatatu, 9 Juni
Nimechuma pamba tangu asubuhi, mgongo unalalamika. Keshokutwa nampeleka mume wangu, Baba Kulwa, Bariadi mjini akapimwe sukari na mafuta kwenye damu. Ana miaka sitini na minane, kitambi, na nyama anakula kama simba. Nimemsema wee mpaka amekubali. Ametoa sharti moja: na mimi nipimwe. Sawa tu. Nina sitini na minne na nguo zangu za ujana bado zinanitosha.

Jumatano, 11 Juni
Tuliambiwa tusile kitu tangu jana usiku. Tumetoka hapa Dutwa na basi la kwanza. Muuguzi, binti mpole, ametuamkia kwa kilugha chetu, "mwangaluka", kabla ya kututoa damu. Baba Kulwa aligeukia ukutani asione sindano. Mwanaume mzima! Majibu Ijumaa.

Ijumaa, 13 Juni
Siamini. Yeye mzima. Mimi mafuta yako juu, na sukari iko juu.

Daktari ameeleza taratibu. Hedhi ikishakoma, mwili wa mwanamke hupungukiwa kinga fulani, mafuta hupanda hata kwa mwembamba. Ndiyo maana wanawake wa umri wangu mara nyingi huwapita waume zao. Sukari nayo hupenda kupanda uzeeni, kwa mke na mume. Nirudi wiki ijayo sukari ipimwe tena, wathibitishe.

Nina hasira. Nyama ale yeye, mafuta nipate mimi! Na njia nzima ya kurudi alikuwa anapiga mluzi.

Jumapili, 15 Juni
Sikwenda kanisani. Naogopa. Dada yangu Minza alianza hivihivi, na sukari. Wakamkata mguu. Mwaka uliofuata tukamzika. Nimemwambia Baba Kulwa sirudi kupimwa. Bora nisijue.

Jumanne, 17 Juni
Tumegombana, kisha mambo yamegeuka.

Nilikuwa natafuna matobolwa, viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha. Baba Kulwa akanikazia macho. "Mama Kulwa, siku ile ya kupimwa, pale stendi, si ulikuwa unatafuna hayohayo?"

Nilitafuna, ndiyo. Kiganja kizima, kabla basi halijaja. Lakini kula si ni kula ugali? Matobolwa ni ya kuchangamsha mdomo tu, nani huku kwetu anayaita chakula? Nilimjibu hivyo kwa ukali. Halafu nikasikia mwenyewe nilichosema. Mimi, mwalimu mstaafu, tena wa sayansi! Aibu gani hii.

Amecheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Huenda ile sukari ilikuwa ya viazi, huenda ni ugonjwa wa Minza kweli. Sasa naogopa hata kutumaini. Ila nitakwenda.

Alhamisi, 19 Juni
Baba Kulwa alinilinda kama mfungwa. Stendi alinipekua mkoba mbele za watu.

Sukari iko sawa. Iko sawa! Niwe naipima kila mwaka, kwa sababu ya umri. Nimelia mbele ya daktari na sijali. Nimemlilia Minza pia, ambaye hakupimwa mpaka kidonda cha mguu kilipooza.

Mafuta yako palepale juu. Hayo hayakutoka kwenye matobolwa, ni ya kwangu mwenyewe. Dawa kila jioni, samli nipunguze, nitembee. Haya, nimekubali. Hilo la mafuta naliweza.

Jumapili, 29 Juni
Dawa nameza. Mchuzi wa maharage bila samli ulitushinda siku ya kwanza, leo tumeumaliza.

Jioni natembea hadi mtoni. Leo Baba Kulwa amesema ananisindikiza. Hatujafika mbali akakaa juu ya jiwe, anahema. Damu safi, pumzi hana. Nimemcheka, nikamsubiri. Upepo ulikuwa mzuri, ng'ombe wanarudi.

Nimemwambia mimi nataka kufika miaka tisini. Akasema basi nipunguze mwendo, tufike wote.